Swali la Wanafunzi na Homa ya Uti wa Mgongo





Kasisi wetu ametuomba tuandike neno juu ya Injili ya Yohana, sura ya 9, habari za yule mtu aliyezaliwa kipofu. Tumekubali kwa moyo mzito kidogo, maana sura ile inatugusa mahali ambapo tungependa pasiguswe. Lakini ipo sababu ya kuandika sasa. Miezi michache iliyopita mtoto mmoja wa mtaa wetu alishikwa na homa kali, kichwa kikamuuma, akatapika, na shingo ikakakamaa hata asiweze kuinama. Akapelekwa hospitali, akatolewa maji ya uti wa mgongo yakapimwa, wazazi wakaambiwa ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na virusi. Alipona, ashukuriwe Mungu. Ila kabla hajarudi nyumbani maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka, na jina la mtu lilikuwa limekwisha kutajwa kisimani. Wengine waliolitaja ni sisi tunaopiga magoti pamoja Jumapili.

Mnakumbuka jinsi sura ile inavyoanza. Wanafunzi wanamwona kipofu njiani, na neno la kwanza linalowatoka kinywani si huruma wala salamu. Wanauliza mwenye kosa ni yupi, kipofu mwenyewe au wazazi wake. Tazameni: kwao kosa lilikuwa limekwisha kuthibitika, kilichobaki ni kumpata tu wa kubebeshwa. Bwana akayakataa majibu yote mawili. Hakumtaja kipofu, hakuwataja wazazi, wala hakutafuta mtu wa tatu. Akatema mate, akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma aende kunawa katika birika ya Siloamu.

Sisi tulifundisha shule ya msingi milimani kabla ya kwenda kufundisha chuo cha ualimu. Ilikuwa mwaka 1986. Muhula mmoja wa mvua, watoto wanne wa darasa la tatu waliugua kwa kufuatana ndani ya wiki mbili: homa, kichwa, kutapika, shingo ngumu, na mwanga wa jua kuwaumiza macho. Kijiji kizima kilishikwa na hofu. Pale langoni pa shule alikuwako bibi mmoja mjane aliyeuza maembe na karanga kwa watoto. Wawili kati ya wale wanne walikuwa wamenunua kwake siku ya kwanza ya kuugua, na hilo likatosha. Likasemwa jambo, likaongezwa lingine, mwisho likasemwa lile neno baya kuliko yote ambalo mwanamke mzee anaweza kuitwa katika nchi hii. Walimu tukakutana ofisini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaamini mambo ya uchawi, au ndivyo tulivyoambiana. Hata hivyo tulikubaliana kwamba, kwa ajili ya amani, bibi yule aambiwe asije tena langoni. Sisi ndio tuliotumwa kumwambia, kwa kuwa tulikuwa vijana na ilidhaniwa tuna maneno laini.

Hakubisha. Alikusanya maembe yake, akafunga karanga katika kitambaa, akaenda.

Sasa sikilizeni lililofuata. Wiki moja baadaye watoto wote wanne walikuwa wamepona, na hakuna mwingine aliyeugua. Kijiji kikasema, mnaona? Kaondoka, na ugonjwa umekwisha. Yule bibi akahama kwenda kwa ndugu zake tambarare. Nasi tulinyamaza, na kwa kuwa tulinyamaza, ule uongo ukawa kama kweli iliyothibitishwa na walimu.

Ilitupasa kujua nini wakati ule? Tuwaeleze kwa lugha ya darasani, mtusamehe.

Ubongo na uti wa mgongo umefunikwa na utando. Utando huo ukivimba kwa kushambuliwa na vijidudu, ndiyo homa ya uti wa mgongo. Wanaoweza kuushambulia ni wa namna nyingi. Wako bakteria, na homa ya bakteria ni ya kuogopwa sana, kwa kuwa huweza kuua mtu kwa muda wa saa chache, tena aliyepona huweza kubaki kiziwi. Ziko kuvu, ambazo huwapata hasa wale ambao kinga ya mwili imepungua. Na viko virusi. Ile ya virusi kwa kawaida ni nyepesi kuliko zote: mgonjwa huteseka siku saba hadi kumi, halafu nguvu zikamrudia, mara nyingi bila dawa maalumu. Lakini kwa macho huwezi kuitofautisha na ile ya bakteria. Shingo ni ile ile, homa ni ile ile. Kwa hiyo mtu asisome gazeti hili akasema, mwalimu ameandika kwamba itapita yenyewe. Mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya Bwana. Kazi ya kupambanua ni ya daktari.

Wengi wa virusi hivyo ni wa kundi linaloitwa enterovirusi, yaani virusi vya utumbo. Aina zake zinapita 100. Huishi tumboni mwa mtu, mara nyingi bila kumdhuru hata kidogo, na hutoka kwa njia ya choo. Huingia kwa mwingine kwa mikono isiyonawiwa, kwa kikombe, kwa maji, na vingine kwa mate na mafua. Kati yao limo kundi la ekovirusi, ambalo wataalamu waliolipata katika miaka ya 1950 walilipa jina lenye neno "yatima" ndani yake, kwa sababu walikuwa wameviona virusi lakini hawajaujua ugonjwa wake. Virusi yatima visivyo na ugonjwa! Sisi tulicheka tuliposoma jambo hilo mara ya kwanza, maana kule kijijini kwetu tulikuwa na ugonjwa yatima usiojulikana mzazi wake, tukaona vema kumtafutia mama wa kambo.

Mkirudi kwenye hesabu ya siku, mtaona jinsi tulivyodanganyika. Watoto wanne waliugua na kupona kama wanavyougua na kupona watoto wenye homa ya virusi. Hatusemi ndiyo iliyokuwa. Hakuna maji yaliyopimwa, na leo hakuna awezaye kuapa. Tunasema hivi tu, kwamba ugonjwa wa namna hiyo ungekwisha hata kama bibi angekaa langoni na maembe yake. Tena tunakumbuka jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika kikao kile cha ofisini. Vyoo vya shule vilikuwa vimejaa tangu muhula uliotangulia. Mvua ilipopiga, maji yaliteremka kutoka upande ule kuelekea mfereji uliotoka kwenye ndiva, na kwenye mfereji ule ndipo watoto walipochota maji ya kunywa, ndoo moja na kikombe kimoja kwa darasa la watoto 50. Vyoo vilikuwa chini ya usimamizi wetu walimu. Wapare tunajua tangu mababu kwamba ndiva ni ya wote, na anayekaa juu akichafua mfereji, anayekunywa ni wa chini. Lakini hilo halikusemwa. Bibi hakuwa na mtu wa kumsemea, na vyoo vilikuwa na mwalimu wa zamu.

Siku hizi Mungu amewajalia wanadamu njia ya kuujua ukoo wa kirusi. Jambo hili linaitwa uchunguzi wa vinasaba. Tunalieleza kwa sababu limetusaidia sisi kuielewa ile sura ya Yohana.

Ndani ya kila enterovirusi mna maandishi, kama herufi 7,500 hivi, yaliyoandikwa kwa alfabeti ya herufi nne tu. Kirusi kinapozaana hunakili maandishi hayo upesi upesi, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni huku kengele imekwisha lia, na hukosea hapa na pale. Mwenye kupokea nakala yenye kosa, naye huinakili pamoja na kosa lake.

Walimu wenzetu watatuelewa mara moja. Ukisahihisha mtihani, majibu sahihi hayakuambii nani amemwangalizia nani, kwa sababu jibu sahihi ni la wote. Lakini ukikuta vijana watatu wameandika kwamba Mto Pangani unamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, unajua kwamba hao watatu walikaa dawati moja. Kosa walilo nalo pamoja ndilo linaloonyesha ujamaa wao. Basi hao wataalamu hufanya vivyo hivyo. Huyasoma maandishi ya virusi vya mgonjwa wa mji huu na wa mji ule, wakayalinganisha makosa, wakajua vipi ni ndugu wa karibu na vipi ni wa ukoo mwingine. Kwa virusi vya polio wanajua hata mwendo wa makosa hayo: katika sehemu moja ya maandishi yenye herufi kama 900, hubadilika kiasi cha moja katika mia kwa mwaka. Hivyo idadi ya makosa huwa kama kalenda.

Mwaka 2018, kati ya Aprili na Septemba, nchi tano za Ulaya, yaani Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norwe na Uswidi, ziliona ekovirusi ya 30 imezidi, nayo ni moja ya zile ziletazo homa ya uti wa mgongo mara kwa mara. Mtu angefikiri kuna msafiri mmoja aliyeisambaza. Maandishi yalipolinganishwa, ikaonekana kwamba hazikuwa za ukoo mmoja.

Lakini tusiende Ulaya. Mfano wa karibu tunao. Polio nayo ni enterovirusi, ndugu wa hizo yatima. Watu wengi huipata wasijue. Wachache huumwa utando wa ubongo kwa muda, wakapona. Na kiasi cha mmoja katika 200 hupooza. Tanzania ilimwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na Agosti 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa huru na polio hiyo. Halafu Novemba 2021 mtoto wa kike wa miaka mitatu akapooza mjini Lilongwe, nchini Malawi, jirani zetu. Choo chake kilipopimwa na maandishi kusomwa katika maabara ya Afrika Kusini na kuthibitishwa Marekani, ikaonekana kirusi kile ni cha ukoo uliokuwa katika jimbo la Sindh, nchini Pakistan, tena makosa yalionyesha kwamba kilikuwa kimetembea kimya kimya kwa mwaka na zaidi bila kuonekana. Mwaka 2022 kikaonekana pia Msumbiji, mkoani Tete, kikawapoozesha watoto wengine.

Sasa angalieni kilichofanyika. Mtu aliyekivusha bahari hajatajwa kwa jina mpaka leo. Huenda hakuugua hata siku moja. Hakuna aliyemtafuta ili aadhibiwe, kwa kuwa kumjua kusingemkinga mtoto hata mmoja. Nchi tano, Malawi, Msumbiji, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, zilifanya kampeni za chanjo kwa pamoja. Tanzania ilianza na mikoa ya kusini karibu na mpaka wa Malawi, kisha nchi nzima. Mnakumbuka wahudumu walivyopita nyumba kwa nyumba na vile visanduku vya baridi, wakiweka alama ya wino kwenye vidole vya watoto. Mei 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mlipuko ule umekwisha.

Hatutawaficha upande mwingine, maana kuna ndugu waliotuuliza. Mwaka 2023 mtoto mmoja mkoani Rukwa alipatikana na polio ya aina ya 2, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba asili yake ni kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo ya matone. Jambo hilo ni kweli, na wenye kuikataa chanjo wamelishika kama fimbo. Lakini sikilizeni linavyotokea. Kirusi cha matone hutoka kwa aliyechanjwa na kupita kwa wengine. Panapo watoto wengi wasiochanjwa hupita kutoka mmoja hadi mwingine kwa muda mrefu, kikinakiliwa na kukosewa, hata siku moja kikarudishiwa ukali wake. Penye watoto waliochanjwa wote hakipati njia. Ndiyo maana Septemba ya mwaka ule ule watoto wa chini ya miaka minane katika mikoa sita ya magharibi na kusini-magharibi walichanjwa. Mzazi anayemficha mwanawe kwa kuiogopa habari ya Rukwa anaandaa njia ya Rukwa nyingine. Tunayasema haya kwa upole, lakini tunayasema.

Hapo ndipo tuliporudi kwenye ile sura. Maandishi ya kirusi hueleza kilipotoka na kilipopita. Hayasemi nani ana hatia. Wanafunzi waliuliza habari ya hatia, wakadhani wanauliza habari ya chanzo, na sisi tumekuwa tukichanganya mambo hayo mawili miaka yote. Tukisema "tujue imetoka wapi," mara nyingi hatumaanishi choo wala mfereji. Tunamaanisha nyumba ya nani.

Wala msidhani waliosoma tumeokoka na kosa hili. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa hapo Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, walipimwa kwa uangalifu mkubwa. Zaidi ya nusu yao, yaani asilimia 60.7, walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Walioonekana kweli kuwa homa yao imeletwa na malaria walikuwa asilimia 1.6. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Hatuyataji ili kuwalaumu waganga, ambao walifanya kazi kwa vifaa walivyokuwa navyo. Tunayataja kuonyesha jinsi jina lililozoeleka linavyotujia ulimini kabla hatujatazama. Mganga jina lake ni malaria, kijiji jina lake ni bibi mjane.

Jambo moja zaidi katika Yohana 9, ambalo mahubiri mengi hulipita. Baada ya kuponywa, yule mtu hakupata raha. Majirani walibishana kama ni yeye au si yeye. Wazazi wake waliulizwa, wakaogopa kutengwa, wakajibu nusu tu ya walilolijua na kumsukumia mwana wao maswali. Mwisho akafukuzwa. Sisi tumekuwa wale wazazi. Tulijua nusu ya jambo, tukaogopa kutengwa na kijiji, tukamsukumia mwingine. Na mnasoma kwamba Bwana aliposikia amefukuzwa, alimtafuta hata akampata. Sisi hatukumtafuta bibi yule. Tulikuja kusikia kwamba amefariki huko tambarare, miaka ikiwa imepita, na mwaka wa kufa kwake hatuujui.

Ila mjukuu wake alikuja kusoma chuoni kwetu. Tulilitambua jina la ukoo katika daftari ya mahudhurio. Ilituchukua mihula miwili kupata ujasiri wa kumwita. Tulimweleza yote, pamoja na vile vyoo. Alisikiliza ameinamisha macho kama ilivyo adabu, kisha akasema, "Mwalimu, bibi alitueleza habari hiyo. Alisema yule kijana aliyetumwa alimsaidia kufunga karanga." Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukumwuliza. Tunamwombea yeye na watoto anaowafundisha sasa.

Wakristo wa parokia yetu si wengi mahali hapa. Tunaishi katikati ya ndugu Walutheri, Wasabato na Waislamu, na kisima hakiulizi mtu anasali wapi. Tangu mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulipozinduliwa Machi 2025, maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yameanza kufika karibu na milango yetu, baada ya kusubiri miaka kumi na zaidi. Wanaoyapata wasiwe wachoyo nayo kwa majirani ambao bomba halijawafikia. Na kumbukeni kwamba ile dawa ya spiriti ya kupaka mikononi haiviwezi vizuri virusi vya kundi hili. Kinachofaa ni sabuni na maji yanayotiririka, baada ya choo, baada ya kumbadilisha mtoto nepi, na kabla ya kushika chakula.

Umoja wa Akina Mama wamejitolea ndoo mbili za koki na sabuni. Zitawekwa mlangoni pa kanisa kuanzia Jumapili ijayo, na watoto wa shule ya Jumapili watanawa kabla ya kugawiwa chai. Choo cha nyuma ya ukumbi kimejaa tangu Pasaka. Wazee wa kanisa wameombwa kukitazama juma hili. Wenye watoto waje na kadi za kliniki, kuna mama muuguzi mstaafu wa hapa kwetu atakayesaidia kuangalia chanjo zilizosalia. Na yule jirani ambaye jina lake lilitajwa kisimani, Kasisi pamoja nasi tutakwenda kumtembelea Jumatano jioni. Anayetaka kufuatana nasi awe hapa kanisani saa kumi.